Maiti Asiye na Jina Hana Kesi

(Haya ni mazungumzo niliyoyatoa kwenye kikao cha vijana Jumamosi iliyopita baada ya Swala ya Alasiri. Wengi waliokosa kufika waliomba maandishi, ndio haya. Nimeyaacha karibu kama nilivyozungumza.)

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Ndugu zangu, dada zangu, ahsanteni kwa kuja. Najua jioni kama hii kila mtu ana mambo yake, kuna mpira, kuna kazi, kuna usingizi. Sitawachukulia muda mrefu. Nataka tuzungumze kuhusu wafu wasiojulikana. Wale wanaookotwa mtoni, msituni, kando ya barabara, wanaingizwa mochari bila jina na wanazikwa bila jina. Na wale waliowaua wanaendelea kutembea.

Nianze na mama mmoja. Jina lake silitaji, yeye mwenyewe ameomba hivyo. Tumwite Mama.

Mwanawe alikuwa na miaka 23, mwendesha boda boda. Usiku mmoja baada ya Isha alitoka kupeleka abiria, hakurudi. Simu ikazimwa. Asubuhi yake Mama akaenda stesheni. Akaambiwa angoje, kijana mkubwa huyo, labda ameenda kwa mwanamke. Siku ya pili akaambiwa, pengine ameshavuka mpaka, si mnajua vijana wenu. Mama akarudi nyumbani analia, si kwa sababu mtoto amepotea peke yake, bali kwa sababu sasa anaona haya hata kuuliza. Namba ya OB aliipata siku ya sita, baada ya sisi kwenda naye.

Tukaanza kuzunguka. Hospitali, rumande, mochari. Mochari ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wiki ya saba tukafika mochari moja ya kaunti nyingine kabisa. Mzee wa pale, mtu mwema wallahi, akafungua daftari. Akapitisha kidole mpaka kwenye mstari mmoja. Mwanamume Mwafrika, mtu mzima, asiyejulikana, ameokotwa kando ya barabara. Tarehe ilikuwa siku ya nne baada ya kijana kupotea.

Tukauliza, yuko wapi? Akasema amezikwa wiki iliyopita, pamoja na wengine ambao hawakuchukuliwa na mtu. Picha je? Hakuna. Alama za vidole? Hazikuchukuliwa. Nywele, jino, kipande cha nguo? Hakuna.

Mama akamwambia, mwanangu alikuwa na alama ya moto mkono wa kushoto, aliungua na uji akiwa mdogo. Huyu alikuwa nayo? Mzee akanyamaza kidogo, akasema, "Mama, sitaki kukudanganya. Wanakuja wengi, sikumbuki."

Tulipotoka nje Mama akakaa chini kwenye ukingo wa barabara akaniuliza swali ambalo mpaka leo sijaweza kulijibu. "Sasa mwanangu, mimi nimhesabu ni maiti au ni mzima?"

Hilo swali ndilo limenileta hapa leo.

Hebu tuangalie mambo mawili yaliyotokea katika nchi hii yetu. Mnayajua, lakini labda hatujawahi kuyaweka pamoja.

La kwanza. Juni 2016, wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda, na dereva wao wa teksi Joseph Muiruri, walitoka mahakamani Mavoko na hawakufika nyumbani. Mwenda alikuwa mwendesha boda boda kama huyu wetu, na kosa lake lilikuwa kumshtaki polisi aliyempiga risasi. Karibu wiki moja baadaye miili yao ikapatikana mtoni eneo la Ol Donyo Sabuk, imetiwa kwenye magunia. Nchi ikasimama. Mawakili wakasusia mahakama na kuandamana. Kesi ikaenda polepole, miaka sita, lakini ikaenda. Julai 2022 Mahakama Kuu ikawapata na hatia maafisa watatu wa polisi na raia mmoja aliyekuwa akiwapa habari. Februari 2023 wakahukumiwa, mmoja wao adhabu ya kifo.

La pili. Januari 2022, miezi michache tu kabla ya hukumu hiyo, watetezi wa haki walikwenda Yala, kaunti ya Siaya. Wakakuta kwenye mochari ya hospitali ya pale zaidi ya miili 20 iliyotolewa Mto Yala kwa nyakati mbalimbali. Wengine walikuwa wametiwa kwenye magunia. Wengine walikuwa na alama za kufungwa kamba na za kuteswa. Watu wa kando ya mto walikuwa wakiitoa ile miili kwa muda mrefu, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeshtuka huko juu mpaka picha zilipoenea. Polisi wakatangaza kwamba aliyepotelewa na mtu aende kutazama. Familia zikaja kutoka kaunti za mbali. Baadhi walimpata mtu wao. Wengine walipita mwili baada ya mwili, wakarudi na basi lile lile mikono mitupu. Na hao waliouawa, mpaka leo familia zao zinangoja kumsikia hakimu akitaja jina la muuaji.

Sasa niwaulize. Magunia ni yale yale. Mto ni mto. Kamba ni kamba. Kwa nini kule kukapatikana hukumu na huku kukabaki kimya?

Najua mtasema, Kimani alikuwa wakili, alikuwa na shirika nyuma yake. Kweli. Lakini shirika lilifanya nini hasa? Lilijua jina. Siku ile ile aliyokosekana, kulikuwa na watu wanaosema: huyu ni fulani, alikuwa mahali fulani, saa fulani, na gari la fulani, na aliyekuwa na ugomvi naye ni fulani. Uchunguzi wa mauaji wote unaanzia hapo. Nani alimuona mwisho, simu yake ilikuwa wapi, nani alimtaka afe. Hayo maswali yote yanaanza na jina. Ukiondoa jina, askari hana pa kuanzia, na asiyetaka kuanza amepata sababu.

Ndio maana nasema maiti asiye na jina hana kesi. Hana mlalamishi. Hakuna mtu wa kwenda kortini kila mwezi kukaa kwenye benchi. Na muuaji anajua hivyo. Kumtupa mtu mbali na kwao, kaunti tatu kutoka alipochukuliwa, ni kumuua mara ya pili. Ya kwanza anauawa mwili, ya pili anauawa jina.

Lakini wacha nirudi kwa walio hai, manake hapa ndipo sisi Waislamu tuna uchungu wetu.

Mtu akifa tunajua la kufanya. Anaoshwa, anakafiniwa, anaswaliwa, anazikwa. Ni faradhi kifaya, wasipofanya wote tuna dhambi wote. Mjane anakaa eda miezi minne na siku kumi, halafu maisha yanaendelea. Mirathi inagawanywa. Deni linalipwa. Watu wanakula hitima na wanasema Allah amrehemu.

Mtu akipotea je? Hata Swala ya maiti aliye mbali tunaijua, lakini utamswaliaje mtu ambaye hujui kama amekufa? Mkewe ni mke au ni mjane? Aanze eda lini? Mashamba na kiwanja vimekaa pale, ndugu wanaanza kugombana. Mafakihi wamelizungumza suala hili karne nyingi, kuna mlango wake kabisa, mlango wa mafqud, aliyepotea. Sheria yetu ya ushahidi hapa Kenya nayo inasema mtu asiposikika miaka saba na wale ambao wangetarajiwa kumsikia, anaweza kuchukuliwa kuwa amekufa. Miaka saba! Dada wa miaka 22 mwenye mtoto mgongoni anaambiwa akae miaka saba, au aende kwa Kadhi na ushahidi ambao hana. Bila cheti cha kifo hawezi kufungua akaunti ya marehemu, hawezi kudai chochote, hata basari ya yatima ya mtoto anaulizwa karatasi.

Kwa hiyo jina si jambo la kumbukumbu tu. Jina linamfungua mjane. Linamlisha yatima. Linampa mama mahali pa kwenda kusoma Fatiha.

Sasa kuna wanaosema, haya mambo hayawezekani. Maiti ameshaoza, utamjuaje? Niwapeleke mbali kidogo, kwa ndugu zetu wa Bosnia.

Julai 1995, katika mji wa Srebrenica, wanaume na wavulana Waislamu zaidi ya 8,000 waliuawa kwa siku chache. Wakazikwa kwenye makaburi ya halaiki. Halafu wauaji wakafanya jambo la kinyama zaidi. Miezi kadhaa baadaye walirudi na matingatinga usiku, wakafukua makaburi, wakahamisha miili kwenda kuificha kwingine. Mashine zikaikata. Mtu mmoja, mifupa yake ikapatikana kwenye makaburi mawili, matatu, hata zaidi. Lengo lilikuwa lile lile la Yala, kwamba asiwepo mtu wa kuhesabiwa.

Walioharibu mpango huo ni akina mama. Kina mama wa Srebrenica waliandamana, wakabeba picha, wakabeba foronya za mito zilizodariziwa majina ya watoto wao. Mwaka 1996 ikaundwa tume ya kimataifa ya watu waliopotea, na wataalamu wakakubali kufanya jambo ambalo halijawahi kufanywa kwa ukubwa ule: kuchukua damu ya jamaa walio hai, maelfu kwa maelfu, na kuilinganisha na DNA ya mifupa. Novemba 2001 wakapata jibu la kwanza kwa njia hiyo. Alikuwa mvulana wa miaka 15. Tangu hapo, karibu watu 7,000 wamepewa majina yao. Kila tarehe 11 Julai, wale waliotambuliwa mwaka huo wanaswaliwa na kuzikwa Potočari, jeneza limefunikwa kitambaa cha kijani. Kuna familia zilizozika mifupa miwili tu, miaka baadaye ukapatikana mguu, kaburi likafunguliwa tena. Na bado karibu watu elfu moja wanatafutwa. Miaka thelathini, hawajachoka.

Na ule ushahidi haukuishia makaburini. Ulifika mahakama ya kimataifa kule The Hague. Waliosema "hakuna kilichotokea" wakaonyeshwa majina. Radovan Karadžić na Ratko Mladić walihukumiwa kifungo cha maisha.

Mtasema Bosnia ilikuwa vita, kulikuwa na pesa za dunia. Sawa. Turudi hapa kwetu Pwani basi. Shakahola, Kilifi. Aprili 2023 makaburi yakaanza kufukuliwa ndani ya ule msitu, ikatoka miili zaidi ya 400. Wengi walikuwa wameoza hata mama mzazi hawezi kuwajua kwa macho. Serikali ikachukua DNA za miili, familia zikaitwa kutoa zao, na Machi 2024 familia za kwanza zikakabidhiwa watu wao Malindi. Karibu mwaka mzima kusubiri, na waliotambuliwa walikuwa wachache kwa sababu familia nyingi hazikujitokeza kutoa sampuli. Wengine hawakuwa na nauli. Wengine waliona aibu. Wengine hawakujua hata kwamba mtu wao alikuwa kule.

Kwa hivyo tusiambiane haiwezekani. Inawezekana, na hata Kenya imeshafanywa. Inachelewa kwa sababu mbili. Sababu moja iko serikalini, nyingine iko kwetu. Nitaanza na ya kwetu, mnisamehe, manake ndiyo tunayoweza kuirekebisha kesho asubuhi.

Kosa letu la kwanza ni haya. Kijana akichukuliwa mtaani, watu wanafunga madirisha. Familia inaambiwa nyamazeni, msije mkaandikwa. Wiki mbili baadaye ndio mtu anapiga simu kuuliza afanye nini. Wiki mbili! Kwa mochari nyingi huo ni muda wa mwili kuanza kuhesabiwa kuwa hauna mwenyewe.

La pili ni haraka ya kuzika. Msinielewe vibaya. Kuharakisha maziko ni sunna na ni heshima kwa maiti. Lakini mimi nimeshuhudia kijana ameletwa na tundu la risasi mgongoni, asubuhi amepatikana, adhuhuri amezikwa. Hakuna daktari aliyemwangalia, hakuna risasi iliyotolewa, hakuna picha. Mwezi mmoja baadaye familia inataka haki. Haki kwa ushahidi gani? Mwili ndio uliokuwa shahidi, nasi tumemzika shahidi kwa mikono yetu.

Mimi si sheikh. Lakini nimekaa na masheikh nikawauliza, na mabaraza ya fiqhi yamelizungumza: upasuaji wa maiti unaruhusiwa pale ambapo kesi ya jinai inauhitaji, kwa kiasi cha haja, kwa stara, halafu maiti arudishwe azikwe. Masaa machache. Waulizeni maimamu wenu wenyewe, tena waulizeni sasa kabla hamjafikwa, manake siku ya msiba hakuna anayesikiliza. Mnaijua aya ya Suratul Maida kuhusu kuua nafsi moja, sina haja ya kuisoma. Kama nafsi moja ina uzito huo, basi kujua ni nani aliyeiua pia kuna uzito.

La tatu ni simu zetu. Maiti akipatikana, ndani ya dakika kumi picha ya uso wake iko kila group. Mama anamjua mwanawe kwa WhatsApp akiwa jikoni. Huo si utambuzi, huo ni ukatili. Kama una picha ya maana, mpelekee mtu wa haki za binadamu au familia kwa adabu. Futa kwingine kote.

Sasa upande wa serikali. Sitatukana mtu, nitasema mambo matatu tu.

Moja. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda huduma ya kitaifa ya wachunguzi wa vifo. Maana yake kuwe na ofisi huru, si polisi, ya kuchunguza kila kifo cha ghafla, cha ukatili, cha rumande. Miaka ikapita, sheria ikawa ya kuwekwa kabatini. Leo polisi ndiye anayeokota mwili, polisi ndiye anayeandika, polisi ndiye anayechunguza. Na kama anayeshukiwa ni polisi?

Mbili. Kenya ilitia saini mkataba wa kimataifa wa kuwalinda watu dhidi ya kutoweshwa kwa nguvu mwaka 2007. Kusaini tu, kuuridhia bado. Kwa hivyo kumtowesha mtu halijawa kosa linalojitegemea kwenye vitabu vyetu. Ukimpeleka mshukiwa kortini inabidi uthibitishe utekaji au mauaji, na mauaji bila mwili mnajua ugumu wake.

Tatu, na hili wengi hawalifikirii. Kitambulisho. Mwenye kitambulisho alama zake za vidole ziko kwa Msajili. Akiokotwa kabla hajaharibika, anaweza kujulikana kwa siku chache. Sasa ni nani kwa miaka mingi amenyimwa kitambulisho, akizungushwa kwenye kamati za kuwapiga msasa, akiambiwa alete cheti cha babu yake? Ni kijana wa Garissa, wa Wajir, wa Majengo, wa Lamu. Februari 2025 Rais alitangaza kuondoa ule msasa wa kibaguzi. Alhamdulillahi. Basi nendeni mkachukue. Mtu asiyeandikwa akiwa hai ni rahisi sana kutoandikwa akifa.

Haya, tufanye nini? Chukueni simu muandike, hii ndiyo sehemu niliyotaka mwondoke nayo.

Mtu wako akikosekana usingoje masaa 24. Hakuna sheria inayosema ungoje. Nenda stesheni saa hiyo hiyo, usitoke bila namba ya OB. Ukikataliwa, andika jina la afisa wa zamu na saa, nenda stesheni nyingine au piga simu kwa shirika la haki. Malalamishi dhidi ya polisi yanapelekwa IPOA.

Kama kuna aliyeona akichukuliwa, andika maneno yake leo, wakati bado anakumbuka. Gari rangi gani, namba ngapi, wangapi, walivaa nini. Katiba kifungu cha 49 kinasema aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya masaa 24. Yakipita, wakili anaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba amri ya mtu huyo kuletwa, akiwa hai au la. Haki hiyo ya habeas corpus Katiba inasema haiwezi kuwekewa mipaka na yeyote.

Andikeni alama za kila mmoja wenu. Nasema kweli, kila mmoja, leo usiku. Urefu, makovu, meno yaliyong'oka, mfupa uliovunjika ukiwa mdogo, operesheni. Bonyeza *#06# kwenye simu yako, utapata namba ya IMEI, iandike mahali mama yako atakapoipata. Si kujitabiria mabaya. Ni kama kumwachia mtu wa nyumbani ufunguo.

Mkitafuta mochari, msiishie kaunti yenu. Yala imetufundisha hilo. Muombe kuona daftari, si majokofu peke yake. Ulizeni waliozikwa ni wangapi, wapi, na kama kuna picha au sampuli zilizohifadhiwa. Acheni maelezo na namba ya simu kwa maandishi.

Mswaki wake, kofia yake, kitana chake, vitieni kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, vikauke. DNA inaweza kupatikana humo. Lakini bora zaidi ni ya mama, baba, au watoto wake. Mkiitwa kutoa sampuli, nendeni. Kama hakuna nauli, tuambieni, tutachanga.

Na kama mwili umepatikana na kuna dalili ya kuuawa, ombeni upasuaji kabla ya maziko, na mwanapatholojia wa upande wenu awepo. Mkishindwa kumlipa, kuna mashirika yanayosaidia. Hakimu pia ana uwezo wa kufungua uchunguzi wa kifo hata kama hakuna aliyeshtakiwa. Familia inaweza kuuomba.

Kwa serikali tunataka vitu vinavyoeleweka. Hakuna mwili kuzikwa bila picha, alama za vidole, sampuli ya DNA, na namba kwenye kaburi inayolingana na daftari. Hayo manne tu. Hayahitaji mitambo ya Bosnia. Yanahitaji kamera, wino, bahasha na kijiti cha kuandikia namba. Kisha kuwe na orodha moja ya nchi nzima, ya waliopotea upande huu na wasiojulikana upande ule, ili mama wa Mombasa asilazimike kupanda basi kila wiki kwenda kufungua majokofu ya watu.

Nimalizie na Mama.

Wengi wananiuliza imekuwaje. Kesi iko kortini, tunaomba kibali cha kufukua lile kaburi na kupima. Wako kadhaa mle ndani, kwa hivyo tukipewa kibali huenda tukampata yeye, huenda tukapata mtoto wa mama mwingine. Nilimuuliza Mama, na kama si yeye? Akafikiri, akasema, "Basi huyo wa mwenzangu arudi kwao. Mimi nitaendelea kutafuta."

Kila Ijumaa baada ya Swala hunipigia simu. Haulizi mambo mengi. "Kuna habari?" Nami namjibu, bado Mama, inshallah. Nimechoka kusema bado, ndugu zangu. Naomba vijana watano mlioko hapa mjitolee. Tunataka kuzunguka mochari za kaunti za Pwani na kuandika daftari letu la wasiojulikana, tarehe, mahali, alama, walikozikwa. Kazi haina malipo na haina picha za kupendeza. Anayeweza anione pale mlangoni.

Allah awarehemu wote waliouawa kwa dhulma, tuwajuao na tusiowajua, Yeye anawajua kwa majina yao. Awape subira walioachwa. Atupe sisi ujasiri wa kutafuta na adabu ya kuzika.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.